Mbegu ni Robo ya Habari: Mbwa kwa Mwenye Aleji

Mke wangu ana aleji ya mbwa, na nyumbani kwetu Njiro, Arusha, kuna mbwa anayelala ndani. Watu wakisikia hivyo huuliza kwanza ni mbegu gani, ili na wao wakaitafute. Jibu langu huwachosha, maana naanza kwa kuwaambia kwamba mbegu ni robo ya habari. Robo tatu zilizobaki ni mbwa mwenyewe, mwili wa mtu atakayeishi naye, na swali la nani hapo nyumbani atashika chanuo na ndoo wiki baada ya wiki.

Aliyetaka mbwa ni binti yetu. Angetaka wa kulinda, mambo yangekuwa mepesi: mchana bandani, usiku uwanjani, kama kwa majirani wote, na mama yake angempita kwa mbali. Yeye alitaka wa kukaa naye miguuni akisoma. Mama yake ana pumu tangu utotoni huko Moshi. Si ya kumlaza hospitalini, lakini hatoki bila kipulizio kwenye mkoba. Akikaa sebuleni kwa mtu mwenye German Shepherd, kwanza pua inawasha, kisha macho yanakuwa mekundu, na asiponyanyuka kifua kinaanza kubana.

"Baba, wapo mbwa wasio na aleji," binti akaniambia, na ushahidi alikuwa nao. Barack Obama aliposhinda urais mwaka 2008 aliwaambia waandishi wa habari kwamba mtoto wake Malia ana aleji, hivyo mbwa wao lazima awe wa aina inayovumilika. Aprili 2009 akaingia Bo, mbwa wa maji wa Kireno, zawadi kutoka kwa Seneta Edward Kennedy. Kama Ikulu ya Marekani imeweza, Njiro itashindwaje? Nikakosa la kusema.

Mama watoto ndiye aliyesema hataki kubahatisha na kifua chake, akaenda kupimwa. Kipimo chenyewe hakina makuu. Matone ya vitu vinavyoshukiwa yanapangwa kwenye ngozi ya mkono, kila tone linadungwa kidogo, mnangoja kama robo saa, kisha vivimbe vinapimwa kwa rula. Siku kadhaa kabla yake aliacha vidonge vya aleji, kwa sababu vinaficha majibu. Mkono ukavimba penye tone la mbwa kama tulivyotarajia. Ukavimba zaidi penye utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito, na kidogo penye mende.

Hilo la utitiri lilibadilisha mpango mzima. Mwili wenye aleji hujaa mzigo, na daktari alitueleza kwamba ukipunguza sehemu moja ya mzigo, mara nyingi mwili unavumilia nyingine. Kabla ya kuwaza mbwa tukatoa zulia sebuleni, tukavisha godoro na mito foronya nzito za zipu, mapazia mazito yakapewa shangazi, shuka na chandarua zikawa zinafuliwa kwa maji ya moto. Chandarua, kwa wasiojua, nacho hukusanya vumbi, na wengi wetu tunalala chini yake miezi bila kukifua. Asubuhi za kupiga chafya zikapungua na mbwa hata hajaonekana. Nasisitiza jambo hili kwa sababu najua watu wenye aleji ya godoro lao wenyewe wanaomlaumu mbwa wa jirani.

Swali la pili tulilomuuliza daktari lilikuwa la manyoya. Tulidhani, kama kila mtu, kwamba mwenye aleji anaugua manyoya, hivyo mbwa asiyepukutisha manyoya ndiye dawa. Akasema manyoya ni punda tu. Mzigo ni protini zinazotoka kwenye mate, kwenye mba wa ngozi na kwenye mkojo. Iliyo maarufu zaidi inaitwa Can f 1, na kila mbwa anayo, awe Poodle wa mamilioni au koko wa sokoni. Mbwa hujilamba, mate yanakauka kwenye manyoya, yanakuwa unga usioonekana, na chembe ndogo za unga huo hubaki zikielea hewani muda mrefu baada ya mbwa kutoka chumbani. Hushika nguo pia. Ndiyo maana protini hizo hukutwa hata shuleni na kwenye nyumba zisizofuga mbwa.

Rafiki yangu mmoja wa Tanga, Mwislamu, nilipomsimulia haya alicheka sana. "Ninyi mnakwenda maabara kujua mambo ya mate? Sisi chombo alichoramba mbwa tunakiosha mara saba, moja kwa udongo." Sikuwa na la kumjibu, nikacheka naye.

Kuna protini nyingine, Can f 5, ambayo hutoka kwenye tezi dume ya mbwa na kutokea kwenye mkojo. Jike hana. Wapo wagonjwa ambao aleji yao yote ya mbwa inatokana na hiyo peke yake. Hao wanaweza kuishi vizuri na jike na wakateseka na dume wa tumbo hilohilo. Dume akihasiwa inapungua. Sisi hatukupima protini moja moja, kipimo hicho ni ghali na hakipatikani kila mahali, lakini tuliamua kutafuta jike. Kuchagua jike hakukutugharimu chochote.

Sasa nije kwenye mbegu, maana ndiyo watu wanayoitaka. Wapo mbwa wasiopukutisha sana, hilo ni kweli. Poodle wa saizi zote, Bichon Frise, Maltese, Shih Tzu, Yorkshire Terrier, Schnauzer, mbwa wa maji wa Kireno. Kwa Poodle, unywele mmoja huota muda mrefu sana kabla ya kung'oka, na uking'oka hunaswa kwenye mawimbi ya wenzake badala ya kuangukia kochi. German Shepherd ana tabaka mbili, la juu gumu na la chini laini, na lile la chini ndilo linalojaa kwenye fagio. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: urefu, mawimbi, na zile ndevu na nyusi za kizee. Ukisikia hivyo unaelewa kwa nini manyoya yanabadilika kirahisi kwa kuchanganya mbegu. Lakini jeni za ndevu hazina habari na mate.

Hadithi iliyonifungua macho ni ya Wally Conron wa Australia. Alikuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu katika jimbo la Victoria. Likaja ombi kutoka Hawaii: mwanamke asiyeona anahitaji mbwa, lakini mumewe ana aleji. Conron alijaribu kwanza Poodle wakubwa, zaidi ya 30, na hakuna aliyefaa kazi. Ndipo mwaka 1989 akachanganya Labrador na Poodle, wakazaliwa watoto watatu. Na hapa ndipo wauzaji wa mbwa huwa wanaruka. Conron hakumwambia yule mama, "Mchukue yeyote, wote ni salama." Alituma Hawaii sampuli za manyoya na mate ya kila mmoja, mume akajaribiwa nazo. Kati ya watatu, mmoja tu hakumsumbua. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja, na wawili wakafeli.

Kilichofuata ni biashara. Hakuna aliyetaka kulea wale chotara, mpaka Conron alipowaita Labradoodle na kuwatangaza kama mbegu mpya. Simu zikaanza kuita. Uzeeni alisema waziwazi kwamba anajutia alichoanzisha, kwa jinsi watu walivyoanza kuchanganya mbwa ovyo kwa ajili ya fedha.

Wanasayansi nao walipima. Kule Detroit, watafiti wa Hospitali ya Henry Ford walikusanya vumbi kwenye nyumba 173 zenye mbwa mmoja mmoja, wa mbegu 60, wakachapisha matokeo mwaka 2011: kiwango cha Can f 1 kwenye nyumba za mbwa wanaoitwa rafiki wa aleji hakikutofautiana na cha nyumba nyingine. Mwaka uliofuata Waholanzi wakatoa yao, na yalikuwa machungu zaidi kwa wauzaji. Manyoya ya mbwa "rafiki wa aleji" yalikuwa na Can f 1 nyingi kuliko ya wenzao. Sakafu za wenye Labradoodle zilikuwa na nafuu kidogo, lakini hewani hapakuwa na tofauti.

Binti aliposikia haya alinuna. Mimi niliyasoma kwa namna nyingine. Manyoya kuwa na protini nyingi huku yakibaki mwilini mwa mbwa maana yake mzigo uko mahali pamoja, na kilicho mahali pamoja kinaweza kuoshwa. German Shepherd anakupakulia mzigo kwenye kochi, kitanda na sufuria. Poodle anatembea nao. Asipooshwa, amekuzidi; akioshwa, una nafasi. Hiyo ndiyo faida pekee ninayoitambua kwa mbwa asiyepukutisha, na si ndogo.

Kutafuta kukaanza. Arusha na Nairobi wauzaji wapo tele siku hizi, na nilichogundua ni kwamba kwa wengi wao mbwa yeyote mdogo mweupe "hana aleji". Mmoja alituonyesha watoto wa Spitz wa Kijapani, weupe, wazuri ajabu, akaapa hawapukutishi. Spitz ana tabaka mbili na anapukutisha kwelikweli, ila mtoto wa miezi miwili hawezi kukuonyesha hilo, kwa sababu bado ana manyoya ya utotoni. Hata chotara wa Poodle hubadilika akikaribia mwaka. Anaweza kukua na mawimbi ya mama au na manyoya ya baba, na hakuna wa kukuambia mapema. Bei yenyewe ilikaribia ya mtamba wa maziwa. Nilimuuliza kama tunaweza kukaa na mbwa saa mbili kwanza, akaniangalia kama nimeomba kuonja keki kabla ya harusi.

Mwingine alinipigia debe la Basenji, mbwa wa kutoka misitu ya Kongo asiyebweka, mwenye manyoya mafupi na anayejisafisha kama paka. Ni mbwa wa kuvutia na ni wa kwetu Afrika, lakini hilo la kujisafisha ndilo lililonifanya nikatae. Anajisafisha kwa nini kama si kwa mate?

Hapo tukaamua tunatafuta mbwa mzima, si mtoto. Mtu mzima manyoya yake ndiyo hayo, tabia yake ndiyo hiyo, na mate yake ndiyo atakayozeeka nayo. Arusha ina bahati moja: mji umejaa watu wanaokuja kwa mikataba ya kazi na kuondoka, na wakiondoka mara nyingi mbwa anabaki akitafutiwa nyumba. Kupitia daktari wa mifugo wa mtaani kwetu tukasikia habari za familia iliyokuwa ikirudi Ulaya, wenye jike chotara wa Poodle na Maltese, ameshafungwa kizazi, chanjo zote zipo kwenye daftari, ya kichaa cha mbwa ikiwemo. Jina lake Pamba. Hawakutaka hela, walitaka kuona tunavyoishi.

Nitaeleza jinsi mama watoto alivyompima, maana hii ndiyo sehemu ninayotaka watu waibe. Kwanza tuliomba shuka dogo ambalo Pamba alikuwa akilalia. Tukalileta nyumbani ndani ya mfuko, mke wangu akakaa nalo mapajani jioni moja, dirisha likiwa limefungwa, kipulizio mezani. Pua iliwasha kidogo, basi. Ndipo tukaenda kwao. Alikaa sebuleni muda mrefu, akamshika, akamruhusu alambe kiganja, kisha akakisugua kwenye mkono kwa ndani. Palitoka wekundu uliopotea kabla hatujamaliza chai. Tukarudi siku nyingine, maana dalili nyingine huja kwa kuchelewa au hujitokeza mwili unapokutana na mbwa mara ya pili. Kisha tukamchukua kwa majaribio, kwa makubaliano kwamba wenyewe wangali mjini na anaweza kurudishwa. Haya yote tuliyafanya daktari akijua, na kwa ruhusa yake. Mwenye pumu inayomlaza hospitali asijaribu mambo ya mashuka nyumbani.

Sharti moja lilimuumiza binti: mbwa haingii chumba cha wazazi. Kamwe. Mtu analala humo theluthi ya siku yake, na protini hizi zikiingia kwenye godoro zinakaa miezi hata mbwa akihama. Pamba alikaa mlangoni akilia usiku wa mwanzo, akazoea. Sakafu yetu ni ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ile ya kizamani ambayo wageni hutushauri tuifunike kwa vigae. Kwa aleji ni dhahabu. Inapigwa deki kwa tambara la maji kila siku. Ufagio mkavu tuliupeleka nje, kazi yake ndani ni kurusha hewani kilichokuwa kimetulia.

Kuoga ndiyo kazi. Kumwosha mbwa kunapunguza Can f 1 mwilini mwake, hilo limepimwa, lakini nafuu haidumu. Inabidi aoshwe mara mbili kwa wiki ndipo iwe na maana. Mtaa wetu maji ni ya mgao, na kuna wiki ambazo tanki likikaribia chini inabidi uchague kati ya mbwa na nguo za shule. Anaoga mbwa. Sabuni iwe yake, isiyo kali, kwa sababu ngozi ikikauka mba unaongezeka na mmefanya kazi bure.

Na manyoya yasiyopukutika hayakomi kuota, kitu ambacho wauzaji hawakisemi kabisa. Usipochana siku mbili tatu yanasokotana, yanakuwa mabonge yanayovuta ngozi mpaka inatoka vidonda. Msimu wa kishona nguo ni adhabu: akipita kwenye majani mara moja anarudi amejaa vijiti vyeusi, na kila kimoja unakitoa kwa mkono. Kupe nao hujificha humo wasionekane, na kupe wa huku huleta homa inayoua mbwa, kwa hiyo chanuo ni kinga pia. Ndani ya masikio manyoya yanaota na kuziba hewa, yasipoangaliwa yananuka na kutoa usaha.

Wa kumnyoa nilimtafuta mjini. Wapo, lakini bei zao ni za watalii. Nikamwendea kinyozi wangu kumuomba anifundishe kushika mashine. Akaniuliza mteja ni nani. Nilipomwambia, mzee aliweka taulo chini na kunitazama kwa muda. "Mwalimu, mashine ya mbwa usije ukaileta humu ndani." Alinifundisha hata hivyo, kwa kutumia kichwa changu mwenyewe: nyoa kwa kufuata mlalo, ngozi ivutwe, chuma kikipata moto pumzika. Nilinunua mashine ya pekee kwa ajili ya Pamba. Anayechana na kunyoa ni mimi, kibarazani, na simruhusu mama watoto kukaribia mpaka niwe nimeoga na kubadili nguo, maana unga ule wote unahamia kwenye shati langu.

Je, mke wangu amepona? Hajapona. Kiangazi, vumbi la Arusha linapochanganyika na la ndani ya nyumba, anameza vidonge na siku nyingine anatumia kipulizio. Kwa German Shepherd bado hakai dakika kumi. Kwa Pamba anakaa, anamshika, kisha ananawa mikono kabla ya kugusa macho, na ameshafanya hivyo mpaka hajui kama anafanya. Dada yake ambaye naye ana aleji alikuja likizo, akalala kwetu, na asubuhi ya pili uso ulikuwa umevimba. Alihamia kwa binamu huko Sakina.

Mwaka huu jirani wa nyumba ya tatu alinifuata. Mtoto wake wa kiume ana ukurutu na pua isiyokauka, na anataka mbwa. Aliomba jina la muuzaji wa mbwa "kama huyo wako". Nikamwambia huyo wangu yupo hapa, mlete mtoto. Akaja na kijana na mama yake, wakakaa kibarazani na Pamba mchana kutwa, mtoto amefurahi, hakuna kilichotokea, baba akaanza kuulizia mbwa wa Nairobi na gharama za kumvusha Namanga. Nikawaomba warudi tena keshokutwa. Siku hiyo haikufika nusu saa: vipele mikononi, macho yamefunga. Mama mtu alimbeba, mimi nikakimbilia sabuni na maji.

Wamefuga bata.